UZI: Papuče, pyžamo, župan. Mslovakia akiwa nyumbani kavaa maneno ya nani?

Msafiri_Brno (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Huu uzi niliuahidi kwenye ule mwingine wa maneno ya Kiajemi yaliyomo ndani ya Kiswahili, mambo ya bandari na dirisha, na kuna watu wamenidai mpaka nikaona aibu. Leo nauleta. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Neno la leo ni papuče, litamke "papuche". Ni vile viatu laini vya ndani, vya kitambaa au sufi, ambavyo Mslovakia anavaa akishavua viatu vyake mlangoni. Huku kuingia sebuleni na viatu vya nje ni utovu wa adabu, kama ilivyo Unguja au Lamu. Mgeni anatolewa pea ya akiba kwenye kabati la viatu pale koridoni. Mtoto wa shule ana pea yake inayobaki shuleni. Hata kwenye makasri ya kale wanayotembelea watalii, wageni walikuwa wakipewa mapapuche makubwa ya sufi wayavae juu ya viatu vyao ili wasikwaruze sakafu za mbao. Kwa hiyo hili ni neno la kila siku, la kila nyumba, mtoto analijua kabla hajajua jina la rais.

Kinachonivutia ni hiki. Wacheki na Waslovakia walikuwa nchi moja toka 1918 hadi mwisho wa 1992, ukiacha miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakizungumza kila mtu kwa lugha yake wanaelewana bila mkalimani. Lakini kwenye kiatu hiki wanaachana. Praha utasikia pantofle au bačkory. Bratislava ni papuče. Halafu sisi wa Moravia, upande wa mashariki wa Ucheki uliko mji wangu wa Brno, nasi tunasema papuče kama Waslovakia, ingawa serikali yetu iko Praha. Yaani mpaka wa neno haukufuata mpaka wa nchi.

Neno lenyewe lilizaliwa Uajemi. Pā ni mguu, na pūš linatokana na kitenzi pūšīdan, kufunika au kuvaa. Pāpuš: kifuniko cha mguu. Waturuki wakalichukua, wao wanasema pabuç na kwao ni kiatu. Waarabu wakalitamka bābūj, na Wafaransa wakalipatia huko babouche yao. Mgiriki anaita kiatu papoutsi. Mromania ana papuc, Mserbia papuče, Mhungaria papucs. Kokote dola ya Osmania ilikopita, au ilikopumulia jirani shingoni, neno lilibaki.

Sasa tazama ramani. Mwaka 1526 Sultani Suleiman aliwavunja Wahungaria pale Mohács, na mfalme wao kijana akafa akikimbia. Mwaka 1541 Waturuki wakaingia Buda, mji mkuu wa Hungaria, wakakaa hadi 1686. Kilichobaki cha ufalme wa Hungaria kikahamishia makao yake Bratislava, ambayo Wahungaria waliiita Pozsony na Wajerumani Pressburg. Waslovakia walikuwa ndani ya ufalme huo, na waliendelea kuwa humo hadi 1918. Mji wa Nové Zámky, kusini mwa Slovakia ya leo, ulishikwa na Waturuki wenyewe toka 1663 hadi 1685. Kwa hiyo Mslovakia wa kusini alikuwa na jirani Mhungaria aliyeshaanza kuvaa na kusema Kituruki kidogo kidogo, na kuna vijiji ambako mtoza kodi alikuwa Mturuki mwenyewe.

Wacheki wa Bohemia, upande wa magharibi uliko Praha, nao waliangukia kwa akina Habsburg, ukoo wa watawala wa Vienna, mwaka huohuo wa 1526, lakini wao macho yao yalikuwa Vienna na kwenye miji ya Wajerumani. Mturuki walimjua kwa mahubiri ya kanisani na kwa kodi za vita. Kiatu cha nyumbani wakakipata upande mwingine kabisa, ndiyo hiyo pantofle. Nitaifikia.

---

Kobazi_la_Pwani

Nimekaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

---

Mzee_Hoja

Mleta mada, umeandika vizuri ila mimi sijaridhika. Neno "papu", "papa", "pupu" ni sauti za watoto duniani kote. Mtoto wa Kislovakia angeweza kulitunga mwenyewe. Unajuaje kama lilipita Hungaria? Kufanana siyo ushahidi. Kiswahili kina "bata" na wao wana Baťa, nako utasema tumeazimana?

---

Msafiri_Brno

Mzee Hoja, swali lako ni la msingi, ndiyo maana nilitegemea utakuja.

Kama papuče lingekuwa peke yake ningekuachia. Lakini halikuja peke yake. Buti refu kwa Kislovakia ni čižma. Kihungaria ni csizma. Kituruki ni çizme. Brashi, ile ya nguo na ya meno, kwa Kislovakia ni kefa. Kihungaria ni kefe, na wao wameitoa kwa Waturuki. Sasa muulize Mcheki wa Praha: brashi kwake ni kartáč, na buti la mpira ni holínka. Hana kefa, na čižma ataijua kwa kuisikia kwa Waslovakia.

Maneno matatu ya vitu vya nyumbani, yote yana dada yake Hungaria, yote yana mama yake Uturuki, na yote matatu yanapungua nguvu ukielekea magharibi. Hiyo ni njia ya wachuuzi, unaweza kuichora kwa kidole. Mtoto hawezi kutunga na brashi pia.

Halafu ile ya sauti za watoto ingekuwa na uzito kama neno lisingegawanyika. Kwa Kiajemi linagawanyika wazi kabisa, nusu yake ni mguu na nusu yake ni kufunika, na kila nusu inafanya kazi kwenye maneno mengine. Kislovakia huwezi kuligawa popote. Neno likiwa na mshono kwenye lugha moja na halina kwenye nyingine, unajua lilishonwa wapi.

---

Mzee_Hoja

Hiyo ya brashi nimeikubali. Tuendelee.

---

Mjukuu_wa_Limuru

Ngoja kwanza. Baťa imetajwa juu juu na mimi nimekulia karibu na kiwanda cha Bata pale Limuru. Tulipokuwa wadogo tuliamini ni kampuni ya Kenya, wengine wakasema ya Italia. Ni ya hao hao Wacheki?

---

Msafiri_Brno

Ni ya hao hao, ndugu. Baťa ni jina la ukoo. Tomáš, Antonín na Anna, watoto wa fundi viatu, walianzisha kampuni Zlín mwaka 1894. Zlín iko Moravia, yaani katikati kabisa ya nchi ya papuče. Tomáš alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1932, na baada ya vita serikali ikataifisha viwanda vya huko, lakini matawi ya nje yakabaki na familia, ndiyo hayo mnayoyajua Kenya na kwingineko. Ile ť unaitamka kwa kulainisha ulimi, karibu na "batya". Haina uhusiano wowote na bata wa kuogelea wala wa kuliwa, Mzee Hoja asitafute pa kunishika.

---

Dkt_Mstaafu_Moro

Vijana, mmenikumbusha mbali. Kaka yangu mkubwa alisoma Praha miaka ya sitini, Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kile walichokifungua 1961 kwa ajili ya wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kilifungwa 1974. Alirudi na maneno machache ya Kicheki, na moja lilikuwa "pantofle". Alikuwa akitamka hivyo akitafuta ndala zake asubuhi. Papuče sikulisikia kwake hata siku moja, kwa hiyo hoja ya Praha na ushahidi wangu vinakubaliana.

Nimewahi kusoma kwamba pantofle ni Kigiriki, "panto" maana yake yote na "fellos" maana yake koki ya mti, kwamba ni viatu vya koki tupu. Je, ni kweli?

---

Msafiri_Brno

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa ushahidi, huo ni wa thamani kuliko vitabu vyangu.

Hiyo habari ya koki ni ya zamani na ni tamu, ila wataalamu wengi hawaipokei. Inaonekana wasomi wa karne ya 16 walilikuta neno tayari, Waitalia wakisema pantofola na Wafaransa pantoufle, wakalitafutia ukoo wa heshima huko Ugiriki. Kinachoaminika ni njia ya baadaye: toka Italia na Ufaransa likaingia kwa Wajerumani likawa Pantoffel, na Wajerumani wakawapa Wacheki. Kwa hiyo Mcheki amevalishwa na Magharibi, Mslovakia na Mashariki, na wote wawili wamesimama kwenye zulia moja.

Kuna msemo uliofuata njia hiyo pia. Mjerumani akisema mwanamume yuko chini ya pantofle ana maana mke ndiye mwenye sauti. Mcheki kauchukua kama ulivyo, být pod pantoflem, na mwanamume wa namna hiyo ana jina lake kabisa: podpantoflák. Mslovakia naye kauchukua msemo, lakini kiatu kakibadilisha. Kwake ni byť pod papučou. Msemo wa Kijerumani umevishwa kiatu cha Kituruki. Mimi hapo ndipo nilipolipenda neno hili moja kwa moja.

---

Nyambura_wa_Pili

😂😂 Kwetu wanasema jamaa amekaliwa chapati. Podpantoflák naliandika kwenye daftari, kuna shemeji yangu linamhusu.

---

Kobazi_la_Pwani

Nyambura acha shemeji wa watu.

---

Bint_Shangani

Assalaam aleikum. Kaka Msafiri, kichwa cha uzi kina maneno matatu na wewe umekwama kwenye viatu. Pyžamo naona ni pajama. Hilo la tatu, župan, ni nini? Na linasomwaje?

---

Msafiri_Brno

Waaleikum salaam dada. Ž isome kama j ya Kifaransa, kwa hiyo ni "jupan" yenye j laini.

Pyžamo umepatia. Limetoka India, Waingereza wakalisambaza, na sisi tukapata pajama kwa mkono huohuo. Ila angalia mwanzo wake: kabla ya India ni Kiajemi, pāy na jāma, nguo ya miguu. Ile pāy ndiyo pā ya papuče. Mtu wa Brno aliyevaa pyžamo na papuče amelitamka neno la Kiajemi la mguu mara mbili na hajui. Moja limepita nchi kavu na majeshi ya Sultani, lingine limepita baharini na Waingereza, yakakutana chumbani kwake karne kadhaa baadaye.

Župan ni lile joho la nyumbani, la kujifunga kiunoni ukitoka kuoga. Wacheki na Waslovakia wote wanasema hivyo, hapa hawagombani. Nalo nataka wewe uniambie limetoka wapi, maana Shangani mnalo.

---

Bint_Shangani

Jupan... jupa... juba?!

---

Msafiri_Brno

Hapo hapo. Juba, Kiarabu jubba, vazi refu la mikono mipana. Ninyi mmelipata kwa jahazi. Wao wamelipata kwa Waitalia, ambao waliliita giubba, na lile kubwa wakaliita giubbone au giuppone. Wafaransa nao wakachonga humo jupe, na leo ni sketi. Wareno waliokuja pwani yetu walikuwa na gibão, wakalifikisha hadi Japani, na mpaka leo vazi la ndani la kimono linaitwa juban. Sijui vazi jingine lililotembea hivyo. Kwa Wapoland żupan lilikuwa vazi la mabwana wakubwa, la hariri na vifungo vya thamani. Huku kwetu limeshuka cheo likawa la bafuni.

Kwa hiyo dada, babu wa Kislovakia anapokaa asubuhi na kahawa yake, mabegani ana Kiarabu, miguuni ana Kiajemi kilichopita Uturuki na Hungaria, na katikati ana Kiajemi kilichopita India na Uingereza. Na huenda ndiye anayesema jioni kwenye baa kwamba Ulaya ya Kati haijawahi kuwa na lolote na watu wa Mashariki. Simsemi mtu, ila nimewasikia.

---

Nesi_Bratislava

Jamani nami niko huku, kimya kimya nawasoma. Hilo župan lilinitesa mwaka wa kwanza. Nilikuwa najifunza lugha kwa magazeti, nikakuta kichwa cha habari kwamba župan kafungua barabara, siku nyingine župan kakataa kujiuzulu. Nikawa najiuliza joho la kuogea linajiuzulu vipi.

---

Mzee_Hoja

🤣🤣🤣

---

Msafiri_Brno

Dada Nesi umenifungulia mlango. Slovakia ina mikoa minane yenye serikali zake za kuchaguliwa, na mwenyekiti wa mkoa kisheria anaitwa predseda, lakini magazeti na watu wote wanamwita župan. Hili ni neno jingine kabisa, la kale sana, la Waslavi wenyewe. Župa ni eneo la utawala na župan ni mkuu wake. Linaonekana kwenye hati ya mwaka 777 ya monasteri ya Kremsmünster, Austria ya leo, iliyotolewa na mtawala wa Bavaria, Tassilo wa Tatu. Mle anatajwa mkuu mmoja wa Waslavi kwa cheo cha "jopan". Wahungaria walipofika wakalichukua likawa ispán. Asili yake ya mbali wataalamu wanabishana, mimi siingii humo.

Kwa hiyo maneno mawili, moja la Kiarabu la nguo na moja la Kislavi la cheo, yamegongana yakawa sura moja. Ukiona herufi peke yake huwezi kujua. Mzee Hoja alisema kufanana siyo ushahidi, na huu ndio mfano wake bora.

---

Mzee_Hoja

Hatimaye haki imetendeka.

Ila swali langu la mwisho. Mbona kama hawa watu hawana chao? Kiatu cha Mwajemi, joho la Mwarabu. Lao ni lipi? Mimi nilidhani utaandika "robot", maana hilo ndilo dunia nzima imelichukua kwao.

---

Msafiri_Brno

Vyao wanavyo. Krpce, viatu vya ngozi vya wachungaji wa milimani Slovakia, hivyo Mslovakia usimguse navyo, anavivaa kwenye ngoma zake zote. Bačkora nayo Wacheki wanaipenda, wameifanyia misemo: natáhnout bačkory, kunyoosha bačkory, ni kukata kamba. Mwanamume mwoga naye anaitwa bačkora.

Robot nimeikwepa kwa makusudi kwa kuwa kila mtu anaiandika. Kwa ufupi: mwandishi Mcheki Karel Čapek aliitumia kwenye tamthilia ya R.U.R. ya mwaka 1920, na alieleza mwenyewe kwamba aliyempa neno ni kaka yake Josef, mchoraji. Limetoka kwenye robota, kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi bila malipo, iliyofutwa kwenye nchi za Habsburg mwaka 1848. Kinachochekesha ni kwamba Mcheki akisema robota bado anasikia mjeledi, lakini kwa Mslovakia ni kazi tu ya kila siku, anaamka na kwenda do roboty. Na kama unataka la nyumbani, mashine ya jikoni ya kukanda unga na kukata mboga inaitwa kuchyňský robot. Ipo karibu kila jiko.

Kuhusu kukosa chao, mbona sisi hatujiulizi? Sapatu tumeichukua kwa Mreno, pajama kwa Mwingereza, juba kwa Mwarabu. Ya kwetu ni kandambili, na hilo ni jina zuri kwa sababu tumeangalia kanda mbili zinazoshika mguu, wakati Mwajemi aliangalia kufunika. Kila mtu na hali ya hewa yake.

---

Fundi_Saa_Tanga

Kwetu Tanga wengine wanasema malapa, wengine ndala. Hapo kwenye kiatu hata sisi hatujawahi kukubaliana, tusiwacheke Waslovakia.

---

Nyambura_wa_Pili

Patipati jameni.

---

Dkt_Mstaafu_Moro

Msafiri, hongera. Je, kizazi cha sasa huko bado wanasema papuče au wameshahamia maneno ya Kiingereza kama kila mahali?

---

Msafiri_Brno

Mzee, viatu vyenyewe vimebadilika, siku hizi ni mpira na plastiki kutoka ng'ambo, lakini jina limebaki. Na limeanza kuzaa. Kuna "papučová kultúra", wanamsema mtu ambaye starehe yake yote ni kochi na televisheni. Dada Nesi aongezee, yeye ndiye yuko kwenye chimbuko.

---

Nesi_Bratislava

Ninaongezea la kwenye gari. Ukiegesha pasipo ruhusa hapa Bratislava, askari wa jiji anakuja na lile dude la chuma la rangi ya njano anakufungia gurudumu. Hilo dude linaitwa papuča. "Dostal som papuču", nimepewa papuche, na mtu akisema hivyo hazungumzii zawadi ya Krismasi. Wacheki wenyewe wanaliita botička, kiatu kidogo, kwa hiyo hata kwenye faini wameachana.

---

Kobazi_la_Pwani

Faini shilingi ngapi?

---

Nesi_Bratislava

Usiulize. Panda tramu tu.